Shajara ya mradi: kusafisha vioo vya ghorofa chini ya ratiba ya mgao wa maji

9 Januari

Leo tumeanza mradi ambao nimeuahirisha kwa mwaka mzima. Kikosi chetu kina watu wanane, sita kati yao wakifanya kazi ya nje, na tunasafisha vioo vya majengo ya ofisi na ya makazi, hasa Upper Hill, Kilimani na Westlands. Ghala letu liko Kawangware, katika ploti yenye paa la mabati na mfereji mmoja unaotumiwa na wapangaji wote. Lengo ni kupunguza kwa nusu, ifikapo mwisho wa Aprili, maji tunayotumia kwa kila jengo, na kujua kwa kipimo mahali yanakokwenda. Desemba tulipoteza siku tisa za kazi kwa kufika kwenye majengo na kuambiwa kwamba matangi yamekauka. Kwa kuwa vijana wetu hulipwa kwa siku, hizo zilikuwa siku tisa ambazo watu sita walirudi nyumbani mikono mitupu, tena katika mwezi wa sikukuu.

Siupangi mradi huu kama wa dharura, na ni vyema niandike sababu mapema ili tusije tukaulegeza mvua ikinyesha. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, ambalo likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70, huku Sasumua na Ruiru yakiongezea kiasi kidogo zaidi. Ratiba ya mgao iliyoanza tarehe 1 Januari 2017 ilitokana na bwawa hilo kupungukiwa na maji, na wengi wetu tuliamini kwamba likijaa tena ratiba itafutwa. Haikuwa hivyo. Hata baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, zilizofurika mitaa mingi ya jiji hili, mgao uliendelea, kwa sababu jiji huhitaji zaidi ya lita milioni 800 kwa siku ilhali mitambo na mabomba, kwa miaka mingi, yamekuwa na uwezo wa kuleta kama lita milioni 525 tu. Handaki la kilomita 11.8 linalochota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini lilikusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Mtu akijumlisha kwenye karatasi atapata milioni 665, nazo bado hazifiki 800. Kampuni yoyote inayoishi kwa maji hapa Nairobi inapaswa kuuhesabu mgao kama inavyohesabu kodi ya nyumba.

14 Januari

Tumenunua mita ndogo ya maji, ya aina ile inayofungwa kwenye nyumba za kupanga, na kuiunga kati ya tangi la pikapu na pampu.

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Hadi ghorofa ya nne tunatumia ufito mrefu wenye burashi mwishoni, ambao maji hupita ndani yake yakisukumwa na pampu. Juu ya hapo vijana hushuka kwa kamba, kila mmoja na ndoo yake, kitambaa cha manyoya cha kulowesha kioo na kifutio cha mpira cha kuvuta maji. Kipimo cha leo kilitushtua sote: ufito mmoja umetumia lita 362 kwa siku, na kijana wa kamba aliyefanya kazi saa zilezile ametumia lita 30, ikiwemo kubadilisha maji ya ndoo mara mbili. Mwaka 2018, wakati Cape Town ilipokuwa karibu kuishiwa na maji kabisa, wakazi wa jiji lile waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia tarehe 1 Februari. Ufito wetu mmoja, kwa kiwango hicho, ulikuwa ukinywa sehemu ya watu saba.

Hata hivyo sitaki mtu asome tarakimu hizo na kuamua kwamba fito zitupwe na ndoo zirudi kila mahali. Anayetumia ufito amesimama ardhini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aondoe hatari kadiri inavyowezekana, na kumtoa mtu kwenye ngazi au kamba ni njia bora kuliko zote za kuiondoa hatari ya kuanguka. Siwezi kuokoa maji kwa kumpandisha kijana wa watu mahali ambapo hakuhitaji kupanda.

Tulichokiona tulipoketi kando kuutazama ufito kwa saa nzima ni kwamba maji hayakukatika hata wakati kijana alipokuwa akihama kutoka dirisha moja hadi jingine, akizungumza na bawabu au akiinyoosha shingo yake iliyochoka. Kesho tutafunga koki ndogo mahali mkono wake unapofika.

17 Januari

Koki imefungwa. Lita 205 kwa siku, jengo lilelile, kijana yuleyule. Gharama yake haikufika shilingi 600.

21 Januari

Leo nilibaki ghalani baada ya kazi na nikagundua tundu ambalo mita ya pikapu isingeweza kutuonyesha. Kila jioni vitambaa vya kufutia, ambavyo huwa kati ya 50 na 60, hufuliwa hapa. Kijana wa zamu aliweka mpira wa maji ndani ya beseni, akaufungulia, na akawa anakisuuza kitambaa kimoja kimoja huku maji yakimwagika pembeni na kuelekea mtaroni. Niliukinga mtiririko huo kwa ndoo na kupima muda: alipomaliza, lita 240 zilikuwa zimepita. Kwa maneno mengine, kazi ya kufua ilikuwa ikitumia maji mengi kuliko ufito wenye koki.

Tumeweka mabeseni matatu. La kwanza lina sabuni, la pili ni la kusuuza mara ya kwanza na la tatu la mwisho, na maji ya beseni la tatu leo huwa ya beseni la kwanza kesho. Jumla ni lita 60. Maji ya mwisho, yaliyokwisha kuwa meusi kwa vumbi la Barabara ya Ngong, humwagwa kwenye choo cha ploti badala ya maji ya mfereji. Mama mwenye ploti amefurahi kuliko sisi.

2 Februari

Siku mbaya, na nitaiandika kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha maana ya mradi huu.

Tulikuwa katika jengo la ghorofa tano Kilimani. Haikuwa siku ya mtaa ule kupata maji ya mfereji, hivyo msimamizi alituelekeza kwenye tangi la chini, akatuambia limejaa na tuchote tunavyotaka. Tulichota, tukapitisha maji kwenye mtungi wetu wa resini unaonasa chumvi na madini, na tukaanza upande wa mashariki saa moja asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Kwa ufito, kioo hakifutwi. Huachwa kikauke chenyewe, na hilo linawezekana tu kama maji hayana kitu ndani yake. Kufikia saa tano kasoro nilisikia msimamizi akiniita. Nilisimama karibu na kioo cha ghorofa ya kwanza, uso wangu ukiwa shubiri moja kutoka kwenye kioo, na nikaona kwamba kila tone lililokaukia pale lilikuwa limeacha duara jeupe, jembamba katikati na nene pembezoni, kama alama inayoachwa na bilauri ya maziwa kwenye meza. Maduara yalikuwa kwa maelfu. Ukipaka mate kidoleni na kusugua, hayaondoki.

Tangi lile halikuwa na maji ya mfereji. Kwa kuwa mtaa haukuwa na zamu yake, jengo lilikuwa limejaza tangi kutoka kwenye kisima chake kirefu. Nilitumbukiza kipimo: miligramu 430 za chumvi kwa lita. Maji ya mfereji wetu wa Kawangware, siku yanapokuja, huwa kati ya 60 na 70, kwa sababu yanatoka kwenye mito ya milima ya Aberdare na hayajakaa ardhini kwa muda mrefu. Maji ya visima virefu vya Nairobi yamekaa ndani ya miamba ya volkano na kuila polepole, na ndiyo maana mara nyingi huwa pia na floridi nyingi kupita kiasi kinachofaa kunywewa. Resini hunasa kiasi fulani cha chumvi kisha huchoka. Kwa maji ya namna hii huchoka mara sita au saba upesi kuliko kwa maji ya mfereji, na yetu ilichoka katikati ya asubuhi bila mtu kujua. Kijana alijilaumu, nikamwambia asijilaumu. Kipimo kilikuwa mfukoni mwangu tangu alfajiri, na ni mimi niliyepaswa kukitumbukiza kabla ya kazi kuanza.

Kwa miaka yote nimeueleza mgao kwa wateja kama suala la uchache: leo yapo, kesho hayapo. Kumbe mgao hufanya jambo la pili ambalo kwa kazi yetu lina uzito zaidi, nalo ni kubadilisha maji yenyewe. Jengo linaloosha vyombo au kupiga deki halitaona tofauti kubwa kati ya maji ya mfereji, ya kisima na ya boza. Kioo huiona tofauti hiyo, na huionyesha mbele ya kila mpita njia.

4 Februari

Tumerudi Kilimani kwa gharama yetu. Siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikiachwa dakika mbili na kusuguliwa kwa kitambaa laini, iliondoa madoa mengi. Tuliziba fremu za alumini kwa plastiki na tukaweka shuka nene juu ya kizingiti cha marumaru, kwani siki huila marumaru. Vioo vinne vya juu, ambavyo jua liliviwakia siku mbili mfululizo, bado vina kivuli cheupe mtu akivitazama kwa upande. Watu wawili siku nzima, pamoja na siki lita 15. Mteja ametuelewa, nami nimemwandikia barua ya kukiri kosa.

Kanuni mpya, iliyobandikwa kwenye mlango wa pikapu: hakuna ufito unaoinuliwa kabla maji hayajapimwa yakiingia na yakitoka, na kipimo hurudiwa kila saa. Maji yakitoka zaidi ya miligramu 10, ufito unalazwa chini na kazi inaendelea kwa ndoo na kifutio.

15 Februari

Kuna pendekezo la kununua mtambo wa kuchuja kwa utando, ambao huweza kuyashughulikia maji ya kisima. Nimelikataa kwa sasa. Mtambo wa ukubwa tunaoumudu hutupa lita moja au zaidi kwa kila lita safi unayopata, na sioni namna ya kuuita huo uokoaji wa maji, ingawa najua wapo wanaotumia maji yanayotupwa kufulia na kudekia.

Jambo la pili la leo ni gumu kuliko mtambo. Mfereji haukuwa na maji, nikaenda na pikapu kwenye kioski cha maji kilicho karibu na ghala kujaza lita 500. Foleni ilikuwa ya akina mama na watoto wenye mitungi ya lita 20, na bei ya mtungi ilikuwa imepanda kutoka shilingi 10 hadi 30. Mwenye kioski, aliponiona na pikapu, aliniashiria nipite mbele. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo yote ni ya kunywa?" Nikamjibu, "Hapana mama, ni ya kuosha madirisha ya ofisi." Akaniangalia, akaangalia mitungi yake miwili, akasema, "Haya." Nikarudi ghalani na tangi tupu.

Jioni tuliketi wote wanane. Tumekubaliana kwamba hatutanunua tena maji kwenye kioski ambako majirani wanachota, hata ikimaanisha kazi ya siku hiyo kuahirishwa, na kwamba siku ikiahirishwa kwa sababu hiyo vijana watalipwa nusu ya ujira kutoka kwenye mfuko wa kampuni. Mhasibu wetu alinikumbusha kwamba mfuko huo si mnono. Ni kweli.

24 Februari

Nimesoma kuhusu jinsi Uingereza inavyoshughulikia jambo hili. Kule sheria hutaja kazi yenyewe: wakati wa ukame, kampuni za maji zinaweza kupiga marufuku kusafisha kuta au madirisha ya nyumba za makazi kwa mpira wa maji, na hali ikizidi kuwa mbaya amri nyingine inaweza kufikia hadi madirisha ya majengo ya biashara. Tarehe 5 Aprili 2012 kampuni saba ziliweka marufuku kama hayo kwa pamoja. Anayetumia ndoo haguswi.

Nairobi hakuna anayekuuliza unayafanyia nini maji. Kule marufuku hutaja kazi, hapa ratiba hutaja mtaa. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi hutangaza mitaa itakayopata maji na siku zake, na ndani ya siku hizo kuosha gari, kumwagilia bustani na kupika uji ni sawa mbele ya mfereji. Hilo linatupa uhuru ambao wenzetu wa Uingereza hawana, lakini linatuachia pia jukumu lote la kuamua lipi linafaa na lipi halifai, na baada ya siku ile ya kioski sioni kwamba jukumu hilo ni dogo.

Kuna faida ya papo hapo niliyoipata kutokana na fikra hii. Ikiwa ratiba hutaja mtaa, basi kalenda yetu ya kazi inaweza kufuata mtaa. Nimechora jedwali la majengo yetu yote na siku zake za maji, na kuanzia wiki ijayo tutafika kwenye kila jengo siku moja baada ya zamu yake, wakati ambapo tangi lina maji ya mfereji na resini yetu haiteswi.

10 Machi

Jedwali linafanya kazi kwa majengo kumi na moja kati ya kumi na manne. Mawili hutegemea kisima mwaka mzima, na huko tunakwenda na maji yetu. La kumi na nne limevunja mkataba: msimamizi wake alitaka vioo vioshwe kila Ijumaa, iwe mvua iwe jua, na hakuona sababu ya siku kuhama. Nilijaribu kumweleza na sikufaulu. Limeondoka na asilimia tisa ya mapato yetu.

Wengine wamekubali mengi kuliko nilivyotarajia. Watano wamepunguza kazi ya nje kutoka kila mwezi hadi kila miezi miwili, isipokuwa ghorofa mbili za chini ambazo hupata vumbi la barabarani na zinaonekana na wageni. Vioo vya juu, kwa kweli, havikuhitaji kuoshwa mara zote hizo. Tulikuwa tukiviosha kwa sababu mkataba ulisema hivyo.

27 Machi

Mvua! Imeanza saa nne usiku na kunyesha hadi karibu na alfajiri.

Wiki iliyopita tulikuwa tumekamilisha mifereji ya mabati ukingoni mwa paa la ghala na kuiunganisha na tangi jeusi la lita 5,000, mama mwenye ploti akiwa ametukubalia kwa sharti kwamba bomba la kufurikia liende kwenye pipa lake. Paa lina mita za mraba 48, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Maji ya kwanza, yaliyobeba vumbi na vinyesi vya kunguru, tuliyaelekeza kwenye bomba la pembeni lililosimama wima, ambalo likijaa maji yanayofuata hupita juu yake na kuingia tangini. Asubuhi tulikuta lita 620 tangini na pipa la mama tupu, kwa kuwa tangi bado lilikuwa na nafasi kubwa.

Nilipima kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka kidogo: miligramu 14 kwa lita. Maji ya mvua hayajagusa jiwe lolote. Baada ya kupita kwenye resini yalitoka sifuri, na kwa kasi hiyo mtungi mmoja wa resini utatudumu miezi mingi.

16 Aprili

Tangi lilijaa tarehe 8, na pipa la mama limefurika mara mbili. Tumepata tangi la pili, la lita 3,000, lililotumika. Yote mawili yana vifuniko na wavu wa kuzuia mbu.

Tatizo la majira haya ni kwamba maji yamekuja wakati kazi imepungua. Kamba zilizolowa hazishukiwi, na wateja hawaoni faida ya kuosha kioo ambacho mvua itakipiga jioni. Wiki mbili hizi vijana wamefanya kazi siku sita tu. Tumejaza pengo kwa kazi za ndani, yaani vioo vya ngazi, milango na vigawanyo vya ofisi, ambazo hutumia ndoo moja ya lita 10 kwa ghorofa nzima, lakini malipo yake ni madogo.

30 Aprili

Vipimo vya mwisho wa kipindi, kwa jengo lilelile la Upper Hill tulilolipima Januari: siku tatu za kazi, fito mbili, vijana wawili wa kamba na ufuaji wa jioni. Mwanzoni ilikuwa lita 3,070. Sasa ni lita 1,440, na kati ya hizo 900 ni za mvua. Tumevuka nusu. Mchango mkubwa kuliko yote ni wa koki ya shilingi 600, ukifuatiwa na mabeseni matatu.

Bado kuna mambo mawili hayajatatuliwa. Vioo vinne vya Kilimani vina kivuli chake, na fundi wa vioo amesema vitahitaji kung'arishwa kwa mashine, gharama ambayo tumekubali kuibeba mwezi wa Juni. La pili ni nusu ya ujira: tumeilipa mara tatu tangu Februari, na mhasibu anataka tuweke kikomo kabla ya kiangazi. Nimemwomba atuletee hesabu Jumatatu, vijana wote wakiwepo.

Matangi mawili yana lita 7,200. Kwa matumizi ya sasa zitatosha kwa majengo matano kama lile la Upper Hill, na tumezitenga kwa majengo mawili ya visima kuanzia Julai, vumbi litakaporudi.